Masombo na Mnyororo: Juu ya Kutengenezwa kwa Picha ya "Dovima na Ndovu"

Richard Avedon aliishi miaka mingi na majuto ya ukanda wa kitambaa. Katika picha yake iliyopata sifa kuliko nyingine zote, ile aliyoipiga jijini Paris mwezi Agosti 1955, mwanamke aliyevaa gauni jeusi la mahameli amesimama baina ya ndovu wa sarakasi. Kiunoni mwake umefungwa ukanda mpana wa hariri nyeupe, ambao mtu wa pwani angeuita masombo, nao unaning'inia kuelekea sakafuni. Baadaye Avedon alieleza kwamba kila alipoitazama picha hiyo hakuelewa kwa nini hakuyapeperusha masombo hayo upande wa kushoto ili mstari wa picha ukamilike. Picha ambayo wengine waliiona kuwa kilele cha kazi yake, yeye aliiona ina pengo.

Majuto hayo ni ya fundi, na yanastahili heshima ile ile anayopewa mshairi anayekesha akitafuta kina kimoja. Hata hivyo, mtu akishusha macho kutoka kwenye masombo hadi chini ya picha, atakuta jambo ambalo majuto ya Avedon hayakuligusa: miguu ya ndovu ina minyororo. Haikufutwa, wala haikufunikwa kwa nyasi kavu zilizotapakaa sakafuni. Imo ndani ya picha waziwazi, kama vile ilivyo mikunjo ya ngozi ya wanyama hao na vidole vya mwanamke yule. Je, imekuwaje jicho lililoumizwa na kitambaa kilichokosa upepo likaipita minyororo bila neno? Na imekuwaje watazamaji wengi, kwa muda wa takriban miaka 70, wakaipita vivyo hivyo? Makala haya yanadai kwamba maswali haya mawili kwa hakika ni swali moja, na kwamba jibu lake limo katika namna picha yenyewe ilivyotengenezwa.

Avedon alizaliwa New York mwaka 1923. Baba yake alikuwa na duka la nguo katika Fifth Avenue, kwa hiyo kitambaa kwake kilikuwa mazungumzo ya nyumbani kabla hakijawa kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia kikosi cha mabaharia wa meli za biashara, ambako alipewa kazi ya kupiga picha za vitambulisho, sura moja baada ya nyingine. Kisha akasoma kwa Alexey Brodovitch, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa msimamizi wa sanaa wa jarida la Harper's Bazaar, na katikati ya miaka ya 1940 akaanza kulitumikia jarida hilo. Mhariri mkuu alikuwa Carmel Snow. Mhariri wa mitindo alikuwa Diana Vreeland. Kabla ya Avedon, jarida hilo hilo lilikuwa limechapisha mwaka 1933 picha ya Martin Munkácsi, Mhungaria aliyetoka katika upigaji picha wa michezo, inayoonyesha mwanamitindo akikimbia ufuoni huku vazi lake likipepea nyuma yake. Picha hiyo iliwafungulia wengi mlango. Kabla yake mwanamitindo alisimama kama sanamu ya dukani. Baada yake alipewa ruhusa ya kutoka jasho.

Habari hizi zimetajwa kwa sababu zinaeleza majuto ya masombo kuliko maneno ya Avedon mwenyewe. Msanii aliyelelewa katika shule ya Munkácsi na Brodovitch huamini kwamba nguo iliyotulia ni nguo iliyokufa. Kitambaa kinachoning'inia, kwake, ni sentensi isiyo na kitenzi.

Mwaka 1947 Dior alionyesha mavazi yake ya kwanza, viuno vimebanwa na sketi zimejaa, na Carmel Snow akayapa jina lililoenea duniani kote: New Look, yaani sura mpya. Mwaka huo huo Avedon alitumwa Paris. Aliukuta mji uliokuwa bado chini ya mgao wa chakula, ambao biashara yake ya mavazi ya fahari ilitegemea wanunuzi kutoka Marekani. Picha alizozipiga huko katika miaka iliyofuata zinaonyesha mahali pengine kabisa: wanawake wanaozunguka viwanjani sketi zikiwa zimefunguka kama miavuli, waendesha baiskeli, wanasarakasi wa mitaani, meza za kamari. Sehemu kubwa ya Paris hiyo ilikuwa tungo. Picha ziliuza nguo, na pamoja na nguo ziliuza jiji. Ni vema mhakiki akalikumbuka hili kabla hajalikimbilia neno "ndoto", ambalo limezoeleka mno katika maelezo ya picha ya ndovu. Ndoto hii ilikuwa na mlipaji.

Mahali ilipopigwa ni Cirque d'Hiver, jengo la sarakasi lililofunguliwa mwaka 1852 na ambalo tangu mwaka 1934 limekuwa mikononi mwa familia ya Bouglione. Jina lake lina maana ya Sarakasi ya Majira ya Baridi, ingawa siku ya picha ilikuwa katikati ya kiangazi. Avedon alisimulia kwamba aliwaona ndovu wakiwa chini ya paa kubwa la vioo, na mara moja akajua kwamba hapo pana uwezekano wa picha ya namna ya ndoto; lililobaki lilikuwa kulipata gauni lifaalo.

Mpangilio huo wa matukio haustahili kupitwa haraka. Katika kazi ya jarida la mitindo, nguo ndiyo bwana. Mpiga picha hupewa gauni, naye hutafuta ukuta, ngazi au bustani ya kulitumikia. Hapa ndovu walitangulia, na gauni likatafutwa kwa ajili yao. Ngozi yao ya kijivu, yenye mikunjo na vumbi, ndiyo iliyochagua mahameli meusi. Wingi wao ndio uliodai kiuno chembamba. Mtu anaweza kusema kwamba gauni la Dior lilivalishwa ndovu kabla halijavalishwa mwanamke. Ndiyo maana picha hii haionekani kama tangazo lililopambwa kwa wanyama, kosa ambalo picha nyingi za baadaye za aina hii zimelifanya, za twiga na duma waliosimamishwa karibu na viatu.

Gauni lenyewe liliitwa Soirée de Paris, nalo lilitoka katika mavazi ya Dior ya msimu wa vuli na baridi wa 1955. Aliyelibuni alikuwa Yves Saint Laurent, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19 na ambaye alikuwa ameingia katika nyumba ya Dior mwaka huo huo. Hilo ndilo gauni lake la kwanza la jioni katika nyumba hiyo. Alizaliwa Oran, Aljeria, na wakati masombo yale yakifungwa kiunoni mwa mwanamitindo, vita vya ukombozi vya Aljeria vilivyoanza Novemba 1954 vilikuwa havijamaliza mwaka wao wa kwanza. Haitakuwa haki kuibebesha picha vita hivyo, kwani haikuvizungumza. Lakini inafaa ijulikane kwamba Afrika ilikuwamo ndani ya chumba kile kwa njia mbili: kwa mzaliwa wa Oran aliyebuni gauni, na kwa mnyama ambaye jina lake, kwa watazamaji wengi wa Ulaya, haliachani na jina la bara hili hata anapokuwa ametoka kwingine.

Jina lililobandikwa kwenye gauni lilikuwa la Dior. Hali hii haitamshangaza msomaji anayeifahamu taarab, ambako mashairi hutungwa na mmoja, muziki ukapangwa na mwingine, na wimbo ukaenda mjini kwa jina la mwimbaji. Watu husema wimbo wa Siti binti Saad, na husema kweli kwa namna yao. Vivyo hivyo "picha ya Avedon" ni kifupisho cha kazi ya watu wengi, na wanyama kadhaa.

Miongoni mwa watu hao yuko ambaye hata jina lake lilishonwa. Dovima alizaliwa mwaka 1927 katika jiji la New York, akaitwa Dorothy Virginia Margaret Juba. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alipatwa na homa ya baridi yabisi, akalazimika kukaa kitandani kwa miaka mingi, akisomeshwa nyumbani. Alichukua herufi mbili za mwanzo za kila jina lake, akaziunganisha, akapata Dovima. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kutoka nje alijibunia mtu mwingine wa kuwa, na mtu huyo ndiye aliyekuja kusimama Paris baina ya ndovu. Alipofikia kilele cha kazi yake, katika miaka ya 1950, alijulikana kama mwanamitindo anayelipwa dola moja kwa kila dakika. Inasemekana alitabasamu mdomo ukiwa umefungwa kwa sababu ya jino lililovunjika pembeni, na kwamba kutokana na kasoro hiyo ndogo watu wakaona fumbo kubwa.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa juu yake, na hata kama kimetiwa chumvi na wasimulizi kina ladha yake. Mwaka 1951 Avedon alisafiri naye hadi Misri kumpiga picha. Aliporejea akaulizwa Afrika aliionaje, naye akashangaa: nani ametaja Afrika, yeye alikwenda Misri. Alipoelezwa kwamba Misri imo Afrika alilalamika kuwa angetoza malipo maradufu. Wamarekani hukisimulia kisa hiki ili wacheke ujinga wa mrembo. Msomaji wa Nairobi anaweza kukicheka kwa sababu tofauti kidogo: katika jibu lile bara zima limegeuka kuwa nyongeza ya bei, na aliyelisema alikuwa tu mkweli kuliko waajiri wake kuhusu hesabu ya biashara hiyo.

Sasa picha yenyewe. Imezoeleka kuiita ya kisurealisti, na neno hilo linahitaji kuchujwa. Usurealisti, kama ulivyotangazwa na André Breton jijini Paris mwaka 1924, ulitafuta uhalisia ulio juu ya huu wa kila siku, ule unaopatikana ndotoni na katika mkutano wa ghafla wa vitu visivyojuana. Mavazi yaliingia mapema katika harakati hiyo. Man Ray alizifanyia kazi kurasa za Harper's Bazaar katika miaka ya 1930. Elsa Schiaparelli alishirikiana na Salvador Dalí mwaka 1937 kutoa gauni lenye picha ya kamba mkubwa wa baharini, na pia kofia yenye umbo la kiatu. Erwin Blumenfeld alikuwa mchawi wa chumba cha giza: jalada lake la jarida la Vogue la Januari 1950 limeufuta uso wote wa mwanamitindo Jean Patchett, likabakiza jicho moja, midomo na kidoa. Hata ndovu hawakuwa wageni. Max Ernst alichora ndovu wake wa kutisha, Celebes, mwaka 1921, na Dalí akachora wake mwaka 1948, wenye miguu myembamba mirefu kama ya mbu.

Avedon hakufanya lolote kati ya hayo. Hakukata wala kubandika. Hakumwongezea ndovu miguu wala kumpunguzia mwanamke uso. Kila kilichomo katika picha kilikuwa mbele ya lenzi wakati mmoja, chini ya mwanga mmoja. Hali ya kindoto inatoka kwingine: inatoka katika kuondoa. Mkufunzi wa ndovu haonekani. Watazamaji wa sarakasi hawaonekani, wala ulingo, wala bendi, wala bango la bei. Yaani kila kitu ambacho kingemweleza mtu kwa nini ndovu wako ndani ya nyumba jijini Paris kimeachwa nje ya fremu. Wakibaki ndovu na mwanamke peke yao, mkutano wao unakosa sababu, na jambo lisilo na sababu huonekana kama ndoto. Waundaji wa Urusi, akina Viktor Shklovsky, waliuita mchakato wa namna hii uajinabishaji: kukifanya kitu cha kawaida kionekane kigeni. Ndovu wa sarakasi alikuwa kitu cha kawaida kwa mtoto yeyote wa Paris. Ugeni wake ni kazi ya mkono wa msanii.

Sababu moja tu ilisalia ndani ya fremu. Minyororo ndiyo inayoeleza kwa nini ndovu wako pale. Bila yake mtazamaji angeweza kuamini kwamba wamekuja wenyewe, kama wanavyokuja wanyama katika hadithi, kumtii binti mwenye jambo lake. Dovima amenyoosha mikono, mmoja huku na mwingine kule, anawagusa ndovu wa pande zote mbili. Kidevu chake kimeinuliwa, uso umegeuzwa upande. Umbo lake limekaa kama amri. Juu ya kiuno, picha inasema kwamba uzuri una nguvu ya kuutuliza uzito wa dunia. Chini ya magoti inasema kwamba chuma ndicho kilichotuliza, na kwamba kilikuwa kimeanza kazi kabla mwanamke hajafika.

Hapa masombo yanapata maana ambayo Avedon hakuikusudia. Kama yangepeperuka upande wa kushoto, mstari unaoanzia mkononi mwa Dovima ungepitia kiunoni na kutoka nje ya picha kwa mkunjo laini. Jicho lingezungushwa na kurudishwa juu, usoni, likashiba. Picha ingekuwa nzuri zaidi. Ingekuwa pia imefungwa, kwa maana ya shairi lililofungwa. Lakini masombo hayakupeperuka. Yameteremka wima, meupe juu ya weusi, kitu chenye mwangaza mkubwa katika sehemu ya chini ya picha, na jicho halina budi kuyafuata. Linayafuata hadi sakafuni. Na sakafuni, katika nyasi, ipo minyororo.

Kwa hiyo lile alilolihesabu Avedon kuwa kasoro ya fani ndilo lililofungua mlango wa maudhui. Dai hili si la kumdhalilisha fundi. Wimsatt na Beardsley walikwisha kuonya mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kuhukumia kazi yake, na wanafunzi wengi wa fasihi hulirudia onyo hilo katika insha zao bila kulitumia. Hapa pana nafasi ya kulitumia. Nia ya Avedon inajulikana, kwa kuwa ameisema. Na picha inaipinga mbele ya macho ya kila mtu. Akilinganishwa na mtunzi anayelalamikia mizani iliyopungua katika mshororo wake, ajabu ni kwamba mizani hiyo moja iliyopungua ndiyo inayomfanya msikilizaji akatize kuitikia kwa mazoea na kuanza kusikiliza.

Roland Barthes, katika La Chambre claire ya mwaka 1980, alitofautisha baina ya yale ambayo utamaduni humfundisha mtu kuyaona katika picha na jambo dogo, mara nyingi lisilokusudiwa, linalomchoma mtazamaji. Ni rahisi kusema kwamba minyororo ndiyo mchomo wa picha hii. Tatizo ni kwamba mchomo wa Barthes ni wa mtu binafsi: unaomchoma yeye unaweza usimguse mwingine, naye hadaiwi ushahidi. Minyororo si jambo la faragha la namna hiyo. Imechapishwa na kuonwa na macho yale yale yaliyoliona gauni. Kinachotofautiana ni mazoea ya macho hayo. Nadharia ya upokezi inasaidia hapa zaidi kuliko Barthes. Kwa mkazi wa Taita Taveta au Laikipia, ndovu hajawa ishara ya chochote. Ni mnyama anayevunja ua usiku na kula mahindi ya mwaka mzima, na ambaye mtu humpisha njia. Mtazamaji wa namna hiyo, akionyeshwa picha ya binti aliyewagusa ndovu bila woga, huuliza kwanza wamefungwa na nini. Mtazamaji wa mnada huuliza gauni ni la nani. Wote wawili wameona kilichomo, ila wa kwanza amekiona haraka zaidi kilichoiwezesha picha kuwapo.

Wapo watakaosema kwamba kuikazia macho minyororo ni kuihukumu miaka ya 1950 kwa sheria za baadaye. Kwamba ndovu wa sarakasi walifungwa kila mahali. Kwamba bila chuma kile Dovima angeweza kukanyagwa. Yote hayo ni kweli, na hayajibu hoja. Hoja haihusu kama Avedon alikosa huruma. Msanii aliyetaka kudanganya angewafunika ndovu miguu kwa nyasi zaidi, kazi ya dakika tano. Au angeikata picha juu ya magoti. Au angemwagiza mtu wa chumba cha giza aifute. Hakufanya hivyo. Aliiacha minyororo ama kwa uaminifu ama kwa kuizoea, na picha inabaki ile ile kwa vyovyote viwili.

Usomaji mwingine unaofaa kukataliwa ni ule mwepesi wa jozi: ulaini dhidi ya ukavu, ujana dhidi ya uzee, mwanamke huru dhidi ya mnyama mfungwa. Jozi hizo hupendwa kwa sababu humpa mhakiki aya nne bila jasho. Ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote. Kiuno kile hakikupatikana kwa uhuru. Mwili wa Dovima umebanwa na kupangwa kwa kanuni kali kama zile za ulingo wa sarakasi, na ustadi wake ni kuyafanya hayo yaonekane kama matakwa yake mwenyewe. Tofauti baina yake na ndovu ipo, nayo ni kubwa: yeye alilipwa, na jioni akaondoka. Lakini ni tofauti ya masharti ya kazi, si ya kiumbe wa hewani na kiumbe wa ardhini. Pengine ndiyo sababu kugusa kwake hakuonekani kuwa kwa bibi anayegusa mali yake. Vidole vimekaa kama vya mtu anayesalimiana na wenzake wa zamu.

Katika uhakiki wa Kiswahili, mjadala wa fani na maudhui uliendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba ni mashauri ya talaka: nani abaki na nyumba. Wanamapokeo walishutumiwa kwa kuabudu vina na mizani. Wanamageuzi walishutumiwa kwa kubeba ujumbe bila chombo. Mfano wa Sauti ya Dhiki ungetosha kuwanyamazisha wote wawili. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya diwani hiyo, iliyotoka mwaka 1973, akiwa kifungoni, tena kwa kufuata arudhi kikamilifu. Hapo ufungwa haukuivunja fani, wala fani haikuuficha ufungwa; nidhamu ya ubeti ilikuwa njia ya mfungwa kushika kitu ambacho askari jela hakuweza kumnyang'anya. Kwa Avedon mambo yamekwenda kinyume. Msanii yuko huru, wafungwa ni wengine, na ukamilifu wa fani ungewafunika. Ilihitajika fani ikwame kidogo. Kwa hiyo si kweli kwamba umbuji daima ni pazia, wala kwamba daima ni ushujaa. Inategemea nani ameushika na nani amefungwa. Hili halipatikani kwa kanuni, na kila kazi hudai isomwe upya hadi miguuni.

Harper's Bazaar ilichapisha kazi hiyo katika toleo la Septemba 1955. Kutoka siku hiyo hiyo ilitoka pia picha nyingine, Dovima akiwa na ndovu hao hao lakini katika gauni jeupe. Filamu yake ya asili ilipotea, na hiyo ya gauni jeusi ikabaki kuwa ndiyo picha. Miaka miwili baadaye Hollywood ilitoa Funny Face, ambamo Fred Astaire aliigiza mpiga picha wa mitindo aliyefinyangwa kwa mfano wa Avedon, na Dovima mwenyewe akapewa nafasi ndogo ya kuigiza mwanamitindo. Aliacha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka yake ya mwisho aliishi Fort Lauderdale, Florida, akifanya kazi ya kuwapokea wageni katika mkahawa wa piza, na huko akafariki mwaka 1990.

Mwaka 1978, kwa ajili ya maonyesho ya kazi za Avedon katika Metropolitan Museum of Art jijini New York, ilitengenezwa nakala yenye kimo cha zaidi ya mita 2. Nakala hiyo ilikaa kwa miaka mingi katika studio ya Avedon, ambaye alifariki mwaka 2004. Novemba 2010 iliuzwa mnadani Paris, katika nyumba ya Christie's, kwa euro 841,000. Mnunuzi alikuwa nyumba ya Dior. Katika kipimo hicho Dovima anaufikia urefu wa mtu halisi, na mtazamaji aliyesimama mbele yake hahitaji kuitafuta minyororo: pete zake zinahesabika, pembeni mwa ncha ya masombo.